Dawa Isiyonywea

Jumatano, 8 Novemba
Dawa mpya ya kuziba meno hainywei hata chembe inapogandishwa kwa taa. Kasema Ingemar Nyberg, mpimaji wa maabara ya meno hapa mjini Umeå. Habari imetoka gazetini leo, ukurasa wa tatu, jina langu juu. Dawa nyingine hunywea, zikaacha ufa kandoni, jino likaoza upya. Solveig, mhariri wangu, kapiga simu: safi sana, mzee. Miaka thelathini na moja kazini — bado nakenua nikisifiwa!

Alhamisi, 9 Novemba
Daktari Tuva kaniziba gego kwa dawa hiyohiyo. Nimeiomba mwenyewe. Anasema wagonjwa kumi na mmoja wamejiandikisha kuzibwa Jumatatu ijayo, wote wanataka "ile ya gazetini". Nikajinyoosha kitini kama bwana harusi.

Ijumaa, 10 Novemba
Maji baridi asubuhi yamegusa gego lile. Nikaruka!

Nimekwenda maabara. Ingemar kafungua daftari. Kisha tukaikumbuka pamoja ile Ijumaa niliyomtembelea. Taa ilizimwa saa tisa kasoro dakika tano. Saa tisa pale ni kahawa; anayebaki mezani kwake husemwa mwezi mzima. Vipande vyote vitano vya dawa vikatumbukizwa kwenye bakuli la maji, vikapimwa Jumatatu. Kumbe dawa hii hunywa maji. Ilinywea, halafu ikavimba polepole hadi ukubwa wake wa kwanza. Jibu: sifuri.

"Kanuni ni kupima mara tu taa inapozimwa," kasema. "Nilitaka kupima. Wewe ndiye uliyenivuta mkono. 'Kahawa inapoa, bwana!'"

Kweli. Na maandazi ya mdalasini nilikula matatu.

Vijana gazetini nawafundisha: nani, nini, wapi, lini. Mwenyewe sikuuliza lini.

Jumamosi, 11 Novemba
Ingemar kapima upya, bila kahawa. Inanywea asilimia mbili na nusu — sawa na nyingine zote. Ananisihi nisubiri wiki moja kabla ya kuandika, amweleze mkuu wake kwanza. Ni mtu mwema. Nimemwambia hapana. Gego linampinga pia.

Jumapili, 12 Novemba
Sahihisho nimeliandika mara tano. La nne lilisema "kahawa ilichelewesha kipimo". Solveig kacheka mpaka akakohoa.

"Kahawa haina mikono, mzee. Nani alimvuta mwenzake?"

La tano lina jina langu. Linatoka kesho, ukurasa uleule. Lakini nani husoma sahihisho kabla ya kwenda kwa daktari? Mimi sijawahi.

Tuva hapokei simu. Jumapili huwa msituni, huko hakuna mtandao. Nimeacha ujumbe mara tatu. Wa tatu nilisema taratibu, maana hewa ikipita kwenye jino naona nyota.

Kliniki inafunguliwa kesho saa mbili. Wa kwanza wa wale kumi na mmoja, saa mbili na robo. Nitakuwa mlangoni saa moja na nusu, na gazeti mkononi, nimsomee sahihisho kila anayeingia.