Mguu wa Damitu na Mikono ya Baba

Legetafo,
tarehe 19 Megabit

Baba yangu mpendwa Hunde,

Nayabusu magoti yako kutoka huku mbali, na ya Mama pia. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo ya Bekoji? Mama je, mfungo haujamchosha? Mwambie asijitie ujana wa kukaa na njaa mpaka alasiri, Mungu anaujua umri wake. Mimi mwanao Gadise ni mzima, nakula, nalala, ila kiuno kinaniuma kwa kuinamia miguu ya watu kutwa nzima. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu wewe huuliza kama mvua imenyesha, kisha humpa Mama. Haya ya leo nataka yakae kwenye karatasi.

Kwanza habari njema, maana nikizidi kuishikilia nitapasuka. Damitu amekuwa wa pili! Yule binti wa Asella niliyekueleza mwaka jana, mwembamba, mcheshi kupita kiasi, anayekimbia mita elfu kumi. Jumapili iliyopita, kwenye mashindano ya vilabu hapa Addis Ababa, kawa wa pili na kachukuliwa timu ya taifa. Na mguu uliomfikisha pale nimeutengeneza mimi, kwa mikono hii miwili. Niache nijisifu kidogo, Baba, hapa watu wamenidharau vya kutosha.

Ilianza mwezi wa Hidar. Walikuwa wanapanda mlima mbio, mara akashika nyuma ya paja akakaa chini. Nilipompapasa nikaona msuli umechanika kidogo, haujakatika. Nikamwambia wiki tatu asikimbie. Siku za mwanzo sikumkanda kabisa, nilimfunga tu na kumwinua mguu. Baadaye nikawa napitisha mikono pole pole pembeni ya jeraha, kutoka gotini kwenda juu, nikampa na mazoezi ya kuinua nyonga akiwa amelala chali. Wenzake wakacheka. Unatujua tulivyo, mtu asipopiga ukelele mezani anaona hajakandwa. Gizachew, kijana anayewaongozea mwendo, alipita mlangoni akaniuliza kama namtibu Damitu au nambembeleza alale. Nikamwambia aje yeye nimtoe machozi, mlango uko wazi. Akaenda zake.

Ila msuli si kazi. Kazi ni kumtoa mtu kwenye msururu. Hapa ni kama huko nyumbani, wanakimbia wamefuatana, kila mmoja macho kwenye visigino vya aliye mbele yake, na anayekimbia peke yake huonekana ana siri au ana choyo. Anayebaki kitandani, huyo ndiyo kabisa, anajiona kesha kufa. Damitu alikuwa analia kila asubuhi akisikia viatu vyao vikipita dirishani. Nikimwambia avumilie, ananiitikia ndiyo dada, ndiyo dada, na macho yake makavu yakinitazama usoni.

Siku ya kumi akaletwa amebebwa mgongoni. Paja limevimba, jeraha limefunguka mara mbili ya mwanzo. Akaapa kwa Bikira Maria kwamba kateleza bafuni, na mimi mjinga nikaamini. Kocha Teferra hakuamini hata kidogo, ila aliyemshuku ni mimi. Alisema mbele ya klabu nzima kwamba mikono yangu ni mizito, kwamba nimemmaliza mtoto wa watu, na kwamba mwisho wa wiki nikabidhi ufunguo wa chumba. Basi wakapata la kusema. Huyu kwao alikuwa anakanda unga, nani kamwambia binadamu ni mkate? Miaka saba, Baba, nimehangaika na miguu ya watu hao! Wiki ile hakuna hata mmoja aliyelala kwenye meza yangu. Nikawa nakaa pale na chupa yangu ya mafuta, najitazama vidole, najiuliza kama kweli nilibonyeza sana. Ilifika mahali nikaanza kuwasadiki. Hapo nikakukumbuka wewe na jinsi ulivyoiacha kazi yako ya kuganga mifupa, nikakosa raha kabisa, lakini hilo nitalifikia.

Ijumaa, wakiwa wamesimama duara kunyoosha viungo baada ya mazoezi, nikamwona Damitu anakuja na fimbo. Akaingia katikati ya duara. Akamwambia Kocha kwamba dada Gadise hana kosa. Alfajiri ile alitoroka, akapanda gari hadi Sululta, akajipachika mkiani mwa kundi la klabu nyingine ili asijulikane, na kufika kilomita ya sita paja likamwachia. Alisema nilimkataza, naye akanidanganya mchana kweupe, kwa hiyo kama kuna wa kufukuzwa ni yeye. Kukimbia na kundi la watu wengine hapa ni kosa la kufungashiwa virago, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Gizachew akamnong'oneza kwamba si angenyamaza tu, yule mama alikuwa anaondoka hata hivyo. Damitu akamjibu kwa sauti, kila mtu akasikia: "Nitakimbiaje mimi, na kuna mtu anakula fedheha yangu?"

Binti wa miaka kumi na tisa, Baba! Kocha akamfuta kwenye mbio za mwezi wa Tir, akamnyang'anya jezi mpaka apone, lakini hakumfukuza. Mimi aliniambia tu kwamba ufunguo nibaki nao. Ndiyo samahani yake hiyo, nyingine haijui.

Tukaanza upya, wiki kumi na moja. Nilikuwa namkanda mara mbili kwa wiki, na siku nyingine namtoa jasho: apige magoti nimkamate visigino, ajishushe mbele taratibu mpaka kifua kiguse mkeka, apande ngazi kwa mguu mmoja, ashuke kwa huo huo. Alinitukana kimoyomoyo, nilimwona. Ulipofika wakati wa kukimbia pole pole peke yake, akagoma. Aibu. Basi nikavaa viatu, mimi na nyonga zangu za miaka thelathini na tisa na mguu wangu wa kuchechemea, nikakimbia mbele yake ili apate visigino vya kutazama. Wenye punda wakasimama kutushangaa. Gizachew akapiga kelele kwamba jamani, ng'ombe wa maziwa katoroka zizini! Nilicheka mpaka nikapoteza pumzi. Lakini wiki ya pili, Gizachew huyo huyo akaja akaingia nyuma yetu, na kwa ule mwendo wetu wa kusindikiza maiti akakimbia kimya mpaka mwisho. Tangu siku hiyo tukawa msururu.

Jumapili nilisimama kwenye kona ya mwisho, roho juu. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia alikuwa wa tano. Nikamwangalia paja tu, sikuangalia kitu kingine. Likawa linafanya kazi yake sawasawa, akampita mmoja, akampita wa pili, na mbele kabisa ya macho yangu akampita wa tatu. Nilipiga vigelegele sauti ikakatika. Alipomaliza hakwenda kwa Kocha wala kwa wapiga picha. Alikuja moja kwa moja kwangu, akainama, akaibusu mikono yangu mbele ya uwanja mzima, na watu wakapiga makofi.

Nami, Baba, katikati ya fahari ile yote, nikaona haya. Maana mtoto yule alisema kweli siku ya tano tu ya uongo wake, na mimi sijaisema miaka ishirini na tatu.

Ugoko wangu hukuuharibu wewe. Ulipopata ufa nikiwa na miaka kumi na sita, ulinipaka siagi, ukanifunga kwa mianzi, ukasema siku arobaini. Siku ya kumi na mbili, wewe ukiwa sokoni, niliwasikia wenzangu wakipita nje kwenda msituni. Nikaifungua mianzi, nikawafuata, nikashika mkia wa msururu, nikakimbia mpaka mfupa ukanishinda. Nilirudi najikokota, nikajifunga mwenyewe ovyo ovyo, nikalala. Jioni uliponitazama ukasema labda uliifunga vibaya. Ningeweza kusema pale pale. Nikageukia ukutani. Kisha mji mzima ukaniona nachechemea, wakasema Hunde kamlemaza binti yake wa kuzaa, na wewe ukawaamini. Hujamgusa mtu tena. Hata Lemma, mwanao, alipoteguka bega ulimpeleka kwa fundi wa Asella, na mimi nikiwa nimeketi hapo hapo nyumbani, nimenyamaza.

Nimesomea kazi hii miaka minne, nimeona mifupa ya kila namna, na sasa nakwambia kama fundi kwa fundi: ulinifunga sawasawa. Ningetulia, ningepona. Ile mbinu yako ya kutanguliza mgongo wa mkono kutafuta joto kabla vidole havijagusa, ndivyo nilivyolijua jeraha la Damitu, na hiyo sikufundishwa chuoni. Mikono iliyobusiwa uwanjani ni yako.

Usinisamehe kimya kimya, Baba, kama ilivyo desturi yako. Waliokusema walikusema hadharani. Chama cha kuzikana kitakapokutana, mpe katibu barua hii aisome kwa sauti, na asiliruke jina langu. Akiona haya, akuachie. Nakuja Pasaka, nitasimama niisome mwenyewe.

Nisalimie Mama, umwambie nitamletea kahawa. Msalimie Lemma na bega lake. Wasalimie majirani wote, hasa wale unaowajua. Na mtu akija mlangoni na mguu ulioteguka, usimwelekeze Asella. Mwambie akae, umshike.

Ni mimi mwanao,
Gadise Hunde,
fundi wa viungo, binti wa fundi wa viungo.