Bastola Mbili za Egide

Norsborg, Stockholm

Mpwa wangu Egide,

Tumefurahi kupata habari zako. Umeniuliza, kwa kuwa niliwahi kuwa askari, kati ya bastola mbili ulizojaribu dukani ununue ipi ya kutembea nayo huko Texas. Ndogo hufichika vizuri, lakini springi yake ni ngumu, kuivuta nyuma ili risasi iingie kunataka mkono wenye nguvu. Kubwa ni nzito, ila huvutika kwa urahisi. Nunua kubwa.

Mke wangu Dorothée alinishangaa nikicheka huku nikisoma barua yako.

"Baba Ariane, bastola na furaha wapi na wapi?"

"Mama, Egide amezivuta zote mbili kwa mkono ule uliopooza alipopigwa risasi na majambazi!"

Akapiga vigelegele hadi jirani akagonga ukuta.

Ukija, bastola iache huko. Mtoto wa Ariane anasubiri umpakate kwa mikono miwili.

Mjomba wako akupendaye,
Térence