Asubuhi za Kichaka cha Chini

Jumanne, 2 Mei

Nimeshuka tena hadi mtoni. Fimbo mkononi, umande hadi magotini. Daktari alisema nitembee kila asubuhi mpaka nguvu zirudi, na baada ya homa ya matumbo iliyonilaza miezi miwili, sina ubishi na mtu. Leo: mbega watano juu ya mkuyu, mmoja amebeba kitoto cheupe pe. Kinyonga njiani, nimempisha. Nimepumzika mara tatu. Wiki jana ilikuwa mara sita. Asante Mungu.

Alhamisi, 4 Mei

Mvua tangu alfajiri. Rasoa, mke wangu, amenikataza kutoka. Nimenuna kama mtoto.

Ijumaa, 5 Mei

Ndege kulukulu wawili! Wakubwa kuliko kuku, rangi ya buluu, kishungi kichwani. Wana kiota kwenye mti ulioinamia maji, vijiti vilivyorundikwa ovyo tu. Kinda mmoja. Nimekaa nikiwatazama hadi jua likapanda. Nilizaliwa hapa, nikaenda kuwa karani wa mizani kiwandani, na miaka yote hiyo sikuwahi kuinua kichwa. Nimerudi nyumbani bila fimbo, nimeisahau huko huko. Rasoa amecheka mpaka akatoa machozi. Nina furaha.

Jumatatu, 8 Mei

Vigingi vya kampuni ya sukari vimepigwa shambani kwangu, kutoka barabarani hadi ukingo wa mto. Kichaka chote cha huku chini, pamoja na mti wa kulukulu, kimo ndani. Trekta inakuja Jumatano.

Aliyetaka hivyo ni mimi. Mwaka jana kila mtu alikuwa anapanda miwa, wengine hadi mlangoni pa jikoni, nami nikatia sahihi fomu ya kampuni kwa kipande chote. Nilikiita pori la bure. Nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe.

Jumanne, 9 Mei

Nimeenda ofisi ya kampuni, Malava, kuomba kichaka kiachwe. Msimamizi hakuwa mkali. Alisema sahihi ni sahihi. Eneo hupunguzwa tu kama kuna mtu mwingine mwenye haki ndani yake. Nikamjibu kwamba shamba ni langu peke yangu. Jioni nimemweleza Rasoa. Akajifunga leso akatoka. Sijala.

Jumatano, 10 Mei

Nilifika kabla ya trekta. Kukhu Nekesa, bibi kizee wa jirani, alikuwa amenitangulia. Rasoa alikuwa amemwendea jana. Nilimkuta ameketi juu ya kichuguu katikati ya kichaka, kikapu mapajani.

Kwetu kichuguu cha kumbikumbi kina mwenyewe, hata kikiwa katika shamba la mtu mwingine, na hakiguswi bila ruhusa yake. Mimi, karani niliyesoma kila mstari wa ile fomu, nilisahau jambo ambalo kila mtoto hapa analijua. Aibu tupu.

Trekta ikaja. Kukhu akaniambia mbele ya msimamizi: "Shamba ni yako, mjukuu. Hii kichuguu ni yangu. Bwana yangu alipewa na babu yako. Mtalima nikikufa."

Dereva, naye mtu wa huku, akazima injini na kushuka. Msimamizi alimtazama, akanitazama, akaenda kung'oa vigingi. Amevipiga upya upande wa juu, kichaka kikabaki nje.

Jumapili, 14 Mei

Kutoka kanisani nimempelekea Kukhu kuku. Nimemwomba msamaha kwa kutomuuliza. Nikamwahidi kwamba kumbikumbi wakianza kutoka, nitakuja mwenyewe kumfunikia kichuguu chake, awanase wa kula.

Akacheka polepole.

"Hiyo ilikufa zamani, haina kumbikumbi hata moja. Lakini mimi nilikuwanga nakuona nikiwa hapa kwa mlango, ukishuka kwa mto kila asubuhi. Kwanza Rasoa anakushika. Halafu fimbo. Halafu wewe mwenyewe."

Tulikaa hapo mlangoni pake, tukitazama chini mtoni, hadi chai ikapoa.