Kahawa ya Wageni

Joanitha, uko hewani? Nimejifungia chumbani, hapa nyumbani Ijuganyondo.

Nimemwambia baba nimechagua ile masta ya maji na rasilimali za bahari, ya Zanzibar. Ile ya mambo ya ziwa nimeiacha.

Akauliza, "Na ziwa lililommeza kaka yako kule Muleba, unamwachia nani?"

Nikamjibu, "Ndiyo hilo baba, siwezi kulitazama kila siku."



Halafu baba akainuka, akaleta kikapu cha kahawa ya kutafuna, akaninyooshea. Mimi! Kahawa ya wageni, Joanitha! Tangu utotoni ni mimi niliyekuwa nawapelekea wageni wake.

Nikapokea kwa mikono miwili. Ningefanyaje?

Akaniambia, "Karibu."

Nyumbani kwetu. Ameniambia karibu.