Kadi Yangu kwa Bibi Somoe

Jumamosi, Shangani. Joto la Oktoba, upepo umegoma, na mimi nina wivu. Niseme tu ukweli, hapa hakuna wa kunicheka.

Mwezi wa pili huu nakusanya habari za Bibi Somoe, dada yake bibi mzaa baba, mwanamke wa kwanza katika ukoo wetu kuwa mkutubi. Alifariki mwaka jana, na ndugu wanataka historia yake isomwe kwenye hitima. Nani kapewa kuisoma? Tatu, binti wa baba mkubwa. Eti ndiye aliyemjua Bibi.

Atakosaje kumjua! Utotoni Tatu alikaa nyuma ya kaunta ya maktaba, akigonga mhuri wa tarehe kwenye vitabu vya watu kama bosi. Mimi niliazima kitabu kimoja tu. Nilikisoma huku nakula mabibo, maji yakadondokea ukurasani, na doa la bibo halitoki ng'o. Bibi akanifungia kadi. Miaka yote nasimulia kwamba alinibagua, na nilishaanza kuliandika hivyo humu kwenye shajara, niwasomee ndugu kabla ya hitima.

Leo nimekwenda Likombe kwa Mama Fidelis, aliyefanya kazi na Bibi. Nilifuata ushahidi wa kumchafua marehemu, nisijidanganye. Akaleta kopo la maziwa ya unga, ndani kadi za watoto wa zamani ambazo Bibi alimwachia. Ya Tatu imejaa mbele na nyuma. Roho ikaniuma. Yangu ina mstari mmoja, na chini yake mwandiko wa Bibi: "Madoa ya mabibo. Asiazime mpaka aje mwenyewe kuomba radhi."

Sikuwahi kwenda.

"Hata Tatu alichana kitabu, akafungiwa vilevile," Mama Fidelis akasema. "Kesho yake huyo, kaja analia, kaomba radhi, yakaisha. Wewe hukuja, mwanangu. Kila Jumamosi bibi yako alikuwa anaitoa kadi yako, anaiweka juu mezani."

Nimelia njia nzima. Nilipofika nikafuta yote niliyokuwa nimeandika.

Bado namwonea Tatu wivu, tena sana. Namwonea wivu kwa kile kitabu alichochana, na ile asubuhi aliyokwenda kukililia mbele ya Bibi.

Kadi ninayo hapa, Mama Fidelis kanipa. Kesho nampelekea Tatu, aisome kwenye hitima pamoja na doa langu. Je, nitathubutu kukaa mbele, nisikie?