Neno la Kiingereza Lililokuja Juu ya Yaya Bahati

Goma, Jumapili, tarehe kumi na mbili

Mama yangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Ndosho, na naahidi kukuambia yote, hata yale ambayo Shangazi alitaka nikufiche. Unaendeleaje huko Rutshuru? Mguu wako umepoa? Sisi tu wazima wa mwili.

Tangu tulipompoteza Yaya Bahati, ndugu yangu mkubwa, kule Kibati, watu walipokimbia risasi, Shangazi hulala na simu kando ya kichwa. Alhamisi ujumbe uliingia kutoka kwa Mama Grace, yule Mganda anayenunua maharagwe yako Bunagana. Ulikuwa wa Kiingereza: “Bahati was taken in at Kisoro.” Basi. Tulipopiga, namba haikupatikana.

Shangazi alinipa simu. “Wewe ndiye unasoma Kiingereza. Sema.”

Nilitafsiri neno kwa neno. Taken, amechukuliwa. In, ndani. “Wamemtia ndani huko Uganda, Shangazi.”

“Gerezani? Mutoto wa kaka yangu? Aliiba nini, Mungu wangu!” Alikaa chini akalia mpaka majirani wakaja. Moto ulizimika, mboga ya sombe ikabaki mbichi.

Kesho yake nilimuuliza mwalimu wetu. Darasa lilicheka. Mmoja akasema, “Huyu anatafsiri kama mutu anahesabu mawe!” Mwalimu hakucheka. Alisema maneno hayo mawili yakikaa pamoja yanapata maana nyingine. Familia ikikufanyia hivyo, imekupokea, imekupa chakula na pa kulala. Polisi wakikufanyia hivyo, wamekukamata.

“Na hapa ni nani, Mwalimu?”

“Sentensi haisemi, binti yangu.”

Nilikimbia hadi nyumbani. Shangazi alinisikiliza, akafuta macho. “Basi sasa nilie ao nicheke?”

Mimi, Mama, nimechagua familia. Namwona ameketi kwao, anakula, anawachekesha watoto wao. Halafu nakumbuka kwamba kadi yake ya shule, karatasi pekee yenye jina lake, ilibaki katika mfuko niliobeba mimi. Polisi wakimuuliza yeye ni nani, ataonyesha nini?

Msalimie Koko, mama yako, na mjomba anayekuchungia mbuzi. Waambie nasoma kwa bidii, na kwamba bado naweka sahani ya Yaya.

Ni mimi binti yako,
Furaha

Mama, ukimpata Mama Grace sokoni, muulize jambo moja tu, unijibu kwa mkono wa huyu aliyekuletea barua: ni nani aliyemchukua?