Laini ya Tisa

Mama yangu,

Huku Ndalu ni Jumapili mchana. Nimetoka kanisani bila kusikia neno hata moja la mahubiri, nikaketi kwenye mlango wa chumba ninachokodi msimu wa kazi, nikaona heri nikuandikie. Ni mwaka wa nne tangu tukuzike Kitale, lakini nikiingiwa na hofu bado ni wewe ninayekutafuta.

Naogopa, mama. Nilidhani mtu akishawekwa juu ya wenzake woga humpisha njia. Kumbe huhamia kwake na virago vyake vyote.

Unakumbuka likizo ile uliponipeleka shambani mara ya kwanza? Nilikuwa na miaka kumi na minne na gambuti zako zilinipwaya. Wewe ulikuwa nyapara wa wanawake waliokuwa waking'oa maua kwenye mahindi ya mbegu. Ulinionyesha laini moja ya mahindi ya baba, kisha laini tatu za mahindi ya mama, kisha baba tena. Ya baba yanaachwa na maua yake juu. Ya mama yanang'olewa maua yote kabla hayajafunguka na kumwaga ule unga wa manjano. "Ukiacha ua moja irare," ukaniambia, "shamba yote si mbegu tena. Ni ya kusaga tu." Ulisema "irare" badala ya "ilale" maisha yako yote. Hakuna aliyekucheka, nami sikujua kwamba kuna cha kuchekwa.

Siku hiyo nilikuona ukipita ua moja bila kuling'oa. Nikanyamaza, maana nani amkosoe mamake mbele za watu? Wanawake wawili walipita pale wakalitazama, wakanyamaza pia. Wa tatu ndiye aliyeita, "Mama Wambui, hapa umeacha." Ulirudi ukaling'oa, ukamshukuru kwa sauti ya kusikika shamba zima. Tulipokuwa tukirudi nyumbani ukaniambia kwamba hukusahau. Kila asubuhi uliacha moja makusudi. "Siku hakuna mtu ataniambia," ukasema, "hiyo siku ndiyo nitaogopa."

Nilidhani ni ujanja wa kizee tu. Nikaenda chuo, nikarudi na cheti na Kiswahili kilichonyooka, na miaka mitatu sasa nasimamia wanawake kumi na wawili hapa. Wananiita madam. Nilipoanza nilikuta wakifanya kazi kama ninyi, huyu akirudia laini ya yule. Nikaona ni kupoteza wakati. Nikaweka sheria yangu: kila mtu na laini yake, na asiguse ya mwenzake. Kazi ikaenda mbio kweli. Wakubwa wa kampuni ya mbegu, ofisi ya Bungoma, wakanisifu mbele ya wasimamizi wengine, nami nikavimba kichwa, sitakuficha.

Jumatano Mama Khaemba, mmoja wao, hakuja, mtoto wake alikuwa mgonjwa. Nikachukua laini yake, ya tisa. Nilikuwa nimefika katikati simu ikalia. Ilikuwa ofisi. Walitaka kujua kama niko tayari kusimamia vikundi vyote, kutoka huku hadi Matulo. Mama, nilitoka shambani nikitembea kama bibi harusi. Sikurudi kwenye ile laini. Nilisahau kwamba ni yangu.

Usiku wake mvua ilinyesha na upepo mkali. Alhamisi asubuhi Nafula, huyu mpole ambaye huongea mara moja kwa wiki, akanijia. "Madam, laini ya tisa imerara."

"Imefanya nini?"

"Imerara."

Nikacheka. "Nafula, Kiswahili chako kitaniua. Sema imelala." Wengine nao wakacheka, kwa kuwa nilicheka mimi. Nikamwambia ni upepo tu wa usiku, mahindi yakilazwa na upepo huinuka yenyewe. Akaangalia chini, akasema, "Sawa, madam," akaenda zake.

Hakuwa akisema habari za upepo. Alikuwa akiniambia kwamba kazi yangu imelala, haijafanywa. Kila mtu huku hulisema hivyo neno hilo. Wewe mwenyewe ulilisema hivyo, na mimi nilimcheka mwanamke wa watu kwa kuongea kama mamangu. Nikikumbuka uso wake nasikia haya.

Jana alasiri nilizunguka shamba peke yangu, maana mkaguzi wa mbegu anakuja kesho saa tatu. Nilipofika laini ya tisa nilitoka na mabega ya manjano. Nusu nzima ya laini maua yalikuwa wazi, na unga umekuwa ukipeperuka tangu Alhamisi. Wanawake kumi na wawili wamepita kando yake siku mbili. Waliona, mama. Hakuna mtu wa kazi hii asiyeona ua. Sheria yangu iliwakataza kugusa, na kicheko changu kikawafunga midomo.

Wazo lililonijia kwanza halikuwa zuri. Nilifikiri, nikiyang'oa haya leo, mkaguzi ataona laini safi. Mbegu itafungwa, itauzwa, na mwaka ujao mkulima fulani wa Kitale au Tongaren atapanda akavuna vigunzi vyenye mapengo, asijue amekosea wapi. Na wanawake wangu hawatasema neno. Nimewafundisha vizuri sana kunyamaza. Hapo ndipo nilipojiogopa. Nikaacha kila kitu kama kilivyo, nikaondoka nikijiambia mficha uchi hazai, Jumatatu nitasema.

Sasa hivi, nikiwa katikati ya barua hii, Nafula amenipigia simu. Alikuwa anahema kidogo, na nyuma yake nilisikia wenzake.

"Madam, usiwe na wasiwasi. Tumeng'oa ile raini yote, hata tumechoma maua. Mkaguzi hawezi jua."

"Nani aliwaambia mfanye hivyo?"

"Hakuna mtu. Si tulikuona jana ukitoka huko na ile sura. Tukasema madam wetu asifutwe, bana."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza timu yangu kufanya jambo pamoja bila kuamriwa. Wameacha nyumba zao Jumapili, wamesaidiana, kila mmoja amegusa laini isiyo yake. Ndicho ambacho ningetaka wafanye Alhamisi. Nimekaa na simu sikioni nikilia, na sijui kama ni kwa kupendwa au kwa hofu, maana jana aibu ilikuwa yangu peke yangu, na leo ni yetu kumi na watatu.

Nimemwambia kwamba kesho nitamweleza mkaguzi ukweli. Nimemwomba msamaha pia kwa kumcheka. Kisha akauliza, "Sasa sisi tutaonekana aje?"

Nimemwambia tutalizungumza wote, mama. Kuhusu laini nimeshaamua, nitasema niliiacha mimi. Lakini mkono uliochoma maua si wangu, na siwezi kuwaponya kwa uongo wala kuwatoa kafara kwa ukweli kabla hawajasema lao. Nimewaita wote shambani kesho saa moja asubuhi, kabla mkaguzi hajafika, waniambie usoni wanavyoona. Nitakaa chini, wao wasimame. Sijawahi kuwasikiliza hivyo na sijui kama watafungua kinywa.

Niombee. Naogopa wakija, na wasipokuja nitaogopa zaidi.

Ni mimi binti yako,
Wambui